Mama anaingia spa kwa mara ya kwanza, tumwandae vipi?

Swali: Shikamoo Shangazi. Mimi na ndugu zangu tumechanga tukamlipia mama yetu, mwenye miaka 67, siku mbili kwenye hoteli kubwa ya mjini yenye spa. Nitakuwa naye chumba kimoja. Mama anatumia dawa za presha na magoti yanamsumbua. Tangu tumwambie, swali lake ni moja tu: "Nani atanivua nguo?" Mimi mwenyewe sijawahi kulala hoteli ya aina hiyo. Naogopa tusije tukaaibika, au tukaletewa bili tusiyoitarajia. – Kifungua Mimba

Jibu: Marahaba mwanangu. Mmefanya jambo jema sana. Nimekanda watu kwenye spa za hoteli mpaka nikastaafu, na swali la mama yako nimelisikia kwa wanawake wengi wa umri wake, wengine wameshafika mlangoni. Mwambie hivi: hakuna atakayemvua.

Mkandaji humwonyesha kitanda, humweleza alale vipi, kisha hutoka na kufunga mlango. Mama atavua mwenyewe kile anachoridhia kuvua, atapanda kitandani na kujifunika. Mkandaji atabisha hodi kabla ya kurudi. Akianza, atafunua mguu mmoja, ataukanda, ataufunika, ndipo aende kwenye wa pili. Mgongo vivyo hivyo. Sehemu za siri hazifunuliwi kamwe, na akitaka kubaki na nguo za ndani, abaki nazo. Mkandaji wa kike muombe siku mnapopanga miadi. Wakandaji hufanya kazi kwa zamu, na ukisubiri mpaka mfike unaweza kukuta aliyepo ni mwanamume peke yake. Ukandaji wa Kithai hufanywa mtu akiwa amevaa, na huenda ukakuvutia kwa sababu hiyo, lakini viungo huvutwa na kukunjwa sana. Kwa magoti yake, siushauri. Chagueni ukandaji wa kawaida wa mafuta, wa mkono mwepesi.

Mtapewa fomu ya afya. Naomba sana, msiijaze kwa haraka. Nimeona watu wakiweka "hapana" mstari kwa mstari ili wamalize, kumbe juzi tu walifanyiwa upasuaji. Andikeni presha, majina ya dawa, kisukari kama anacho (miguu iliyokufa ganzi haisikii jiwe la moto la kukandia likiunguza), na mzio wowote, maana mafuta mengi ya kukandia yana lozi. Akiwa na mguu mmoja uliovimba na unaouma, usikandwe kabisa. Huenda ni damu iliyoganda, na huyo ni wa kumpeleka hospitali. Kuhusu magoti, amwambie mkandaji amwekee mto chini ya vifundo anapolala kifudifudi, au alale ubavu. Na akiumia aseme pale pale. Wazee wetu huvumilia kwa adabu, na mkandaji hawezi kujua.

Sasa sauna, yaani chumba cha kukaa kwenye joto kali utoke jasho. Hewa yake ni kavu, na joto lake huwa kati ya nyuzi 70 na 100. Chumba cha mvuke kina joto dogo zaidi, nyuzi 40 hadi 50 hivi, ila unyevu wake ni mwingi mno. Joto hutanua mishipa, presha ikashuka, na dawa zake nazo zinaishusha. Akiinuka ghafla anaweza kuona kizunguzungu akaanguka kwenye vigae vyenye maji. Kwa hiyo muulizeni daktari wake kabla ya safari. Akiruhusiwa, akae benchi la chini, ambako joto ni dogo, kwa dakika chache, nawe ukiwa pembeni yake. Akitoka anywe maji, na asikimbilie bwawa la maji baridi.

Angekuwa mama yangu, sauna ningeiacha, nikampeleka kwenye bwawa la maji vuguvugu. Ndani ya maji, magoti hayabebi uzito wote wa mwili, na utamwona akitembea bila kushika ukuta. Jakuzi, yaani beseni kubwa la maji ya moto yenye mapovu, nayo ni nzuri kwa muda mfupi, mradi maji yasizidi nyuzi 40 na daktari awe amekubali. Jina jakuzi ni la ukoo wa ndugu wenye asili ya Italia waliohamia Marekani. Mwaka 1956 kampuni yao ilitengeneza pampu ya kutoa mapovu kwenye maji ya kuogea, baada ya mtoto wa familia hiyo kuugua baridi yabisi. Mwambie mama kisa hicho. Kitamwondolea wazo kwamba anafanya anasa tu.

Kuhusu bili, piga simu uulize kilichomo kwenye mlichokwisha kulipa. Hoteli nyingi huwaruhusu wageni wa vyumbani kutumia bwawa na sauna bila malipo mengine, lakini kukandwa hulipiwa mbali. Mkifika, mapokezi huenda wakashikilia kiasi fulani kwenye kadi yako kama dhamana. Hicho hakijakatwa, lakini hutaweza kukitumia, na benki inaweza kuchukua siku kadhaa kukiachia. Vilivyomo kwenye friji dogo la chumbani vinalipiwa. Sabuni, ndala na maji yaliyoandikwa kuwa ni ya bure, tumieni kwa raha. Bakshishi ni hiari yenu, na kama gharama ya huduma imeshawekwa kwenye bili, msione haya kutoongeza.

Miadi wekeni mapema, mkiweza asubuhi ya siku ya kazi. Spa za hoteli za mjini hupokea pia wakazi wa mji, nao hufurika jioni na mwisho wa wiki. Fikeni kama robo saa kabla, kwani mkichelewa muda hupunguzwa kwenu. Na chumba, ombeni cha upande usiotazama barabara, kilicho mbali na lifti, ili mama akitoka kukandwa apate usingizi wa mchana.