Shingo Yangu Ilijua Kabla Yangu

Juzi usiku nimeletewa ujumbe na binti mmoja: "Dada, mwezi wa tano huu sijaona siku zangu na mimba sina. Nimeambiwa ni mvurugiko wa homoni, nimeuziwa chupa tatu za kusafisha kizazi. Ninywe?"

Nilicheka, halafu nikanuna. Mimi nilikunywa sita.

Tuongee, basi. Nyuma ya mlango wa jiko langu kuna kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi. Nimezungushia wino mwekundu tarehe tano, na kati yake kuna siku 33, 31, 34 na 32. Wewe ambaye hedhi yako haijawahi kupotea utasema natafuta sifa. Sawa, natafuta. Mwaka 2019 mzima niliona mara tatu.

Kwangu mambo yalianzia shingoni. Nikiwa kidato cha tatu, ngozi ya nyuma ya shingo iligeuka nyeusi, nene, laini kama mahameli, na kwapani vilevile. Mama akaamini sijui kuoga. Alinisugua kwa dodoki na limau hadi pakawaka moto. Miaka baadaye, kwenye kichenpati ya binamu, shangazi alinishusha ukosi wa gauni mbele za watu akauliza, "Mwanangu, hii nongo haitoki?" Tumesalimiana mara nyingi tangu siku hiyo, ila gauni lile sijalivaa tena.

Kisha zikaja ndevu. Chache, kidevuni, ngumu. Kila Jumapili nilikuwa dirishani na kioo na kibanio. Hedhi ikawa inakuja inapotaka, na ikija inakaa siku kumi na mbili. Hospitali ya kwanza walinifanyia ultrasaundi, wakaandika PCOS, yaani mvurugiko wa homoni unaozuia mayai kupevuka, wakasema ovari zina vivimbe vingi, nipunguze mwili, nikiolewa nikazaa vitaisha vyenyewe. Nikapewa vidonge vya majira. Nilipovimeza niliona siku kila mwezi; nilipoacha, kimya. Hapo ndipo nikaangukia kwa wauza chupa. Sehemu hiyo nairuka, inaniuma mfukoni hadi leo.

Aliyeniokoa ni daktari mmoja wa makamo ambaye kabla ya kufungua faili alitazama shingo. "Sukari umepima?" Nikajibu nimepima asubuhi kabla ya kula, 5.2, safi. Akasema turudie, lakini si hivyo. Nilinyweshwa gramu 75 za glukosi kwenye maji, tamu ya kuudhi, nikakaa kwenye benchi saa mbili bila kula. Jibu: 9.1. Ilitakiwa iwe chini ya 7.8, ingefika 11.1 ningeambiwa ni kisukari.

Mwili wangu ulikuwa mzito kuitikia insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, kwa hiyo kongosho likawa linaongeza nyingine, na nyingine. Misuli haisikii, ila ovari zinasikia sana: insulini ikizidi, zinatengeneza homoni za kiume kupita kiasi. Ndizo hizo ndevu. Mayai yanaanza kukua, yanakwama njiani, hayapevuki, na hedhi inapotea. Vile "vivimbe" vya ultrasaundi ni vijifuko vya mayai yaliyokwama, si uvimbe wa kukatwa. Na weusi wa shingo ni insulini hiyohiyo. Nongo! Laiti shangazi angekuwepo.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya kuchosha tu: metformini, kidonge cha kuusaidia mwili kuitikia insulini, na chakula, tumbo kuvurugika wiki za mwanzo, kushuka daladala vituo viwili kabla, chai bila sukari (nililia kweli), wali kiganja kimoja na mboga za majani nusu sahani. Kutoka kilo 84 nimefika 78. Kupungua asilimia 5 hadi 10 ya uzito mara nyingi kunatosha kuamsha hedhi, na kipimo changu cha glukosi cha mwezi uliopita kimetoka 7.2.

Kwa hiyo wadogo zangu, nisikilizeni. Hesabuni siku. Mzunguko unaozidi siku 35, au hedhi chini ya mara nane kwa mwaka, si "mimi niko hivyo tu". Pima mimba kwanza, hata kama unaapa. Mwenye PCOS yai lake hupevuka linapojisikia, na nina rafiki aliyebeba mimba akiamini ni tasa. Kisha omba wakuangalie tezi ya shingo na homoni ya prolaktini, maana nazo hukatisha hedhi. Kisha sukari ya saa mbili baada ya kunywa glukosi. Narudia: ya saa mbili, si ya asubuhi peke yake. Ukipitisha siku 90 bila kuona, na huna mimba wala sindano ya uzazi wa mpango, usikae nayo. Ukuta wa mji wa mimba unazidi kunenepa bila kubomoka, na miaka ikienda hivyo saratani hupata mlango. Vile vidonge vya majira nilivyovilaumu vilikuwa vinanikinga na hilo, mimi nikavitupa. Na ninyi wembamba msijitoe, shoga yangu wa kilo 52 anayo kama yangu. Anayetaka kukusafisha kizazi muulize anasafisha nini. Hesabuni siku!

Yule binti nimemwambia aache chupa, anitumie picha ya shingo. Ilifika saa sita usiku, imepigwa kwa mwanga wa tochi. Jumatatu anaenda kupima. Chupa mbili hazijafunguliwa, ila muuzaji amekataa kurudisha hela.