Raifo Yangu Imeanza Kutawanya Risasi: Je, Mtutu Umekwisha?

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni mkazi wa Tanga na ninamiliki kwa leseni raifo yenye darubini, inayopiga risasi za aina ya .30-06. Kwa miaka mingi ilikuwa ikikusanya risasi ndani ya sentimita 5 kwenye shabaha ya mita 100. Masika yote ilikaa kabatini ndani ya mfuko wake wa ngozi. Mwezi huu nimeipeleka kwenye uwanja wa shabaha, na risasi zimetawanyika kiasi cha sentimita 15, ile ya kwanza ikipanda juu peke yake. Kila ninapoisafisha hutumia fimbo ya chuma ninayoiingiza kupitia mdomo wa mtutu. Safari hii nilipiga risasi za greni 150 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi) nikachanganya na chache za zamani za kijeshi, kwa kuwa zile za greni 180 nilizozizoea zimebaki kidogo. Je, mtutu umekwisha?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Sidhani kwamba umekwisha. Bunduki ya mwindaji hupiga risasi chache kwa mwaka, na mtutu wa .30-06 uliotunzwa vizuri huvumilia maelfu ya risasi kabla sehemu iliyo mbele ya chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, haijaliwa na moto wa baruti. Mitutu mingi ninayoletewa haikuharibiwa na kupiga, bali na kutu na namna ya kusafishwa, na katika maelezo yako naona dalili za yote mawili.

Kabla ya jambo lolote, toa risasi zote, chomoa komeo, yaani kile chuma kinachofunga chemba kwa nyuma, kisha tazama ndani ya chemba kwa macho na uiguse kwa kidole. Risasi ziwekwe mbali na meza ya kazi.

Linaloniharakisha kukujibu ni zile risasi za kijeshi. Risasi nyingi za .30-06 zilizotengenezwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia zilikuwa na fataki (kile kiwashio cha baruti kwenye kitako cha risasi) zenye chumvi ya potasiamu, ambayo ikishaungua huacha ndani ya mtutu mabaki yanayofanana sana na chumvi ya mezani, nayo huvuta unyevu wa hewa mchana na usiku. Katika hewa ya pwani, mtutu wa namna hiyo unaweza kuanza kushika kutu kwa siku moja tu. Mafuta ya bunduki hayayeyushi chumvi hiyo, huifunika tu. Kinachoiyeyusha ni maji. Kwa hiyo leo hii, komeo likiwa nje, mimina maji ya moto kwa faneli kutoka upande wa chemba, ukiuinamisha mdomo wa mtutu chini ili maji yasiingie kwenye mbao za kitako. Pitisha vitambaa vikavu mpaka kimoja kitoke kikavu kabisa, ndipo upake mafuta. Osha na uso wa komeo vivyo hivyo.

Jambo la pili ni hiyo fimbo. Ukingo wa mdomo wa mtutu ndio sehemu ya mwisho inayogusana na risasi, na gesi inayosukuma kutoka nyuma inapaswa kutoka sawasawa pande zote kwa wakati mmoja. Ukingo ukiwa umelika upande mmoja, hata kwa kiasi kisichoonekana kwa jicho, gesi hutangulia kutoka upande huo na kuisukuma risasi kombo. Fimbo ya chuma inayosuguana hapo kwa miaka hufanya kazi ile ile ya tupa. Chukua kijiti chenye pamba, cha kusafishia masikio, ukizungushe taratibu kwenye ukingo wa ndani: nyuzi za pamba zikinasa mahali, hapo pana kovu. Kovu la ukingo hurekebishwa na fundi mwenye mashine ya kukereza, na si kazi kubwa, lakini usijaribu kulisugua mwenyewe kwa msasa.

Tangu sasa safisha kutoka nyuma kwenda mbele, kwa fimbo iliyofunikwa plastiki, ukitumia kiongozi cha fimbo, bomba linalokaa mahali pa komeo na kuiongoza fimbo isisugue mtutu. Anza na kiyeyushi cha masizi ya baruti, kisha kiyeyushi cha shaba chenye amonia, kwa sababu kila risasi inayopita huacha utando wa shaba nyekundu juu ya mifereji ya ndani ya mtutu, ile inayoizungusha risasi. Kitambaa kikitoka na rangi ya buluu au kijani, shaba bado ipo. Hapa wengi hudanganyika: brashi ya nyuzi za shaba nayo huyeyuka katika amonia na kutia kitambaa rangi ile ile, hivyo hatua hii itumie brashi ya nailoni. Usiache amonia ndani kupita muda ulioandikwa kwenye chupa.

Risasi yako ya kwanza kupanda peke yake hainishangazi, maana mtutu wenye mafuta hauipeleki risasi pale unapoipeleka ukiwa mkavu. Kabla ya kupiga, pitisha vitambaa viwili vikavu, na uhakikishe kwamba hakuna kitu kilichobaki ndani, kwani kizuizi ndani ya mtutu kinaweza kuupasua mbele ya uso wako.

Sasa risasi zenyewe. Kwenye shabaha yako umechanganya angalau aina mbili, na ni nadra mtutu kuzikusanya mahali pamoja. Kichwa cha greni 180 kina gramu 11.7, hutoka kwa mwendo wa takriban mita 820 kwa sekunde, na katika mtutu ambao mifereji yake hukamilisha mzunguko kwa kila inchi 10, kama ilivyo desturi ya .30-06, hujizungusha zaidi ya mara 3,000 kwa sekunde. Kile cha greni 150 ni chepesi, kina kasi zaidi, nao mtutu hutikisika tofauti kinapopita. Si kibaya, ila darubini yako haikurekebishwa kwa ajili yake. Kila mtutu una chakula chake, hata ile iliyotoka kiwanda kimoja siku moja. Rudi kwenye greni 180 ulizozizoea, ununue maboksi kadhaa yenye namba moja ya toleo, yaani yaliyotengenezwa kwa mkupuo mmoja, na usiyaache juu ya dashibodi ya gari: baruti iliyopata moto wa jua huongeza shinikizo na kuhamisha mahali risasi inapogonga.

Kabla ya kujaribu tena, kaza skrubu za vishikizo vya darubini na zile zinazofunga mtutu kwenye kitako. Mbao hunywa unyevu wa masika zikavimba. Ikiwa mtutu wako ulitengenezwa usiguse mbao upande wa mbele, kipande cha karatasi kinapaswa kupita chini yake bila kukwama. Baadhi ya raifo zimeundwa makusudi mbao ziusukume mtutu, na hizo zisichongwe.

Kisha piga risasi tano za aina moja ukiegemeza bunduki kwenye mifuko ya mchanga, ukisubiri mtutu upoe kila baada ya risasi mbili. Andika mahali ilipogonga ile ya kwanza, maana ndiyo utakayoitegemea porini. Rudia siku nyingine. Zikirudi ndani ya sentimita 5 au 6, bunduki yako ni nzima. Zikiendelea kutawanyika, mpelekee fundi mwenye kibali, pamoja na karatasi za shabaha, akague ukingo na mifereji.

Mfuko wa ngozi ubaki kuwa wa safari tu, kwa kuwa ngozi hushika unyevu na kuulaza juu ya chuma. Nyumbani iweke tupu ndani ya kabati la chuma lenye kufuli, mdomo ukiangalia chini ili mafuta yasishukie kwenye mbao, na wakati wa masika ipanguse kila wiki.