Wasomaji Wanauliza: Jumuiya yetu inakufa, tuanzie wapi?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni katibu wa jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo, ya majirani Wakatoliki wanaosali pamoja, huku Igombe, Mwanza. Kaya zilizoandikwa ni nyingi, lakini Jumamosi asubuhi wanakuja akina mama wale wale. Wavuvi na wapangaji hawaonekani, na wapo wanaosema wazi kwamba jumuiya ni michango tu. Tufanyeje?

JIBU: Milele na milele, amina. Ndugu katibu, anzeni na saa, maana hiyo ndiyo rahisi kurekebisha. Jumamosi asubuhi pale mwaloni mitumbwi ya dagaa inashusha na akina mama wako juani wanaanika. Usiku wa giza baba yuko ziwani na taa zake. Mbalamwezi ikishika, dagaa hawafuati taa vizuri, na wavuvi wengi wanabaki nchi kavu. Basi fuateni mwezi. Siku za giza kutaneni saa kumi jioni, mitumbwi ikiwa haijatoka. Siku za mbalamwezi wekeni yale yanayohitaji kila mtu: uchaguzi wa viongozi, usuluhishi, misa ya jumuiya.

Wanaolalamikia michango wana haki. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipozipa jumuiya hizi kipaumbele mwaka 1976, nia ilikuwa imani iishiwe pale watu wanapokaa na kufanya kazi. Hawakuunda ofisi ya makusanyo. Kwa hiyo Neno litangulie. Zile hatua saba mnazozijua za kusoma na kutafakari Neno pamoja zinatosha, ila msiiruke ya nne, ya kukaa kimya, wala ya sita, ya kuulizana tutafanya nini juma hili. Ya sita ndiyo inayoachwa mara nyingi, na ikiachwa watu husali vizuri kisha hutawanyika bila yeyote kujua nani anaumwa. Kabla ya sala ya mwisho yatajwe majina: nani anakwenda kumwona mgonjwa, nani anabaki na watoto wake, nani anapeleka uji. Wapangeni wawili wawili.

Michango ije baada ya sala, dakika tano tu. Msisome majina ya wanaodaiwa. Mjane akitajwa mara moja mbele za watu, harudi. Fedha za parokia ziwe na daftari lake na mfuko wa faraja daftari lake. Wahesabu watu wawili, na salio la kila daftari lisomwe kila mwezi. Fedha ya mgonjwa ikikopwa kujazia mchango wa ujenzi, hata kwa nia njema, uaminifu umekwisha hapo.

Halafu kuna chai. Huyu alitoa maandazi, mwenzake akaongeza chapati, wa tatu akapika pilau, na sasa aliyepanga chumba kimoja anaikimbia zamu yake kwa aibu. Pataneni hadharani: maji ya kunywa, basi. Asiye na viti, majirani walete mikeka. Mtaona wapangaji wanaanza kukaribisha.

Kama kuna kundi linalojiona limesahaulika, someni pamoja Matendo 6. Wajane wa Kiyunani walipopitwa katika huduma ya kila siku, mitume hawakuwanyamazisha. Waliitisha mkutano, wakachaguliwa watu saba wa kusimamia. Nanyi wapeni wavuvi na wapangaji nafasi kwenye uongozi.

SWALI: Nimehamia Buzuruga. Nasali chumbani na kusikiliza ibada redioni. Kuna ulazima wa jumuiya?

JIBU: Upo. Redio haitajua kuwa umelazwa hospitali ya Bugando, wala haitakuja kukaa nawe msibani. Nawe pia una cha kuwapa wenzako, na hakiwafikii ukijifungia. Jumapili baada ya misa muulize katekista jumuiya ya mtaa wako inakutana wapi na lini, kisha uombe barua ya utambulisho kutoka jumuiya uliyotoka. Fanya hivyo mapema. Wengi huitafuta siku wanapotaka mtoto abatizwe au kufunga ndoa, na viongozi wa jumuiya hushindwa kumthibitisha mtu wasiyemfahamu.