Nimeweka mtaji tu, je madeni yatanifuata?

SWALI: Habari za kazi. Niko Mwanga hapa Kigoma, nauza dagaa pale mwalo wa Kibirizi. Shemeji yangu, mume wa dada, anaishi Uingereza na anataka tufungue biashara ya dagaa kule, mi niweke milioni 10 yeye aendeshe. Anasema ataisajili kama limitedi patnashipu, kwaiyo ikifilisika napoteza hizo 10 tu, nyumba yangu haiguswi. Ila anataka pia mi ndo niamue tununue dagaa wa nani, kwa bei gani, na nisaini mikataba na wenye mitumbwi. Deni kweli haliwezi kunifikia?
Mama wa Mwanga

JIBU: Shkamoo mama. Shemeji yako hajadanganya ila kasema nusu, na hiyo nusu nyingine ndo inaweza kuifikia nyumba yako.

Sheria ya Uingereza ya ubia wa namna hiyo ni ya mwaka 1907. Lazima awepo angalau mbia mmoja anayebeba madeni yote mpaka mali zake binafsi, huyo atakuwa shemeji, alafu wewe mweka mtaji unabeba kiasi ulichoweka tu. Lakini kinga hiyo ina masharti, na kubwa kabisa ni kwamba usishiriki kuendesha biashara. Kukagua vitabu vya hesabu unaruhusiwa, kuuliza biashara inaendaje unaruhusiwa, hata kuwashauri wenzako, ila ukishakuwa wewe ndo unayeamua bei na kusaini kwa niaba ya biashara basi kwa madeni yanayoingia kipindi hicho unahesabiwa sawa na shemeji, mdai anaweza kukudai yote. Sasa angalia kazi aliyokupangia hapo mwaloni, ni uendeshaji mtupu huo mama.

Pia ukianza kuchomoa mtaji kidogokidogo wakati biashara bado ipo, unadaiwa mpaka kiasi ulichotoa. Na isiposajiliwa inakuwa ubia wa kawaida, yani wote mnabeba kila kitu.

Wengine watakwambia basi andikisheni jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara hapa Tanzania, muendelee, hapana, jina la biashara halimkingi mtu, ubia wa kawaida hapa kwetu unawaacha wabia wote wazi kwa madeni.

Mi ningekuwa wewe ningechagua moja. Kama unapenda kazi ya mwaloni, wauzie dagaa kama mfanyabiashara wa kujitegemea, nunua kwa hela yako, kausha, funga magunia, waandikie ankara wakulipe, ubia usiingie. Au mfungue kampuni yenye hisa, hapo unaweza kuwa mkurugenzi ukasaini kwa jina la kampuni na bado kwa kawaida unachopoteza ni hela ya hisa zako. Ila tafadhali sana, benki wakileta ile fomu ya dhamana binafsi usisaini kwa haraka, maana ukiisaini deni la kampuni linakuwa lako na nyumba inarudi mezani, kuna watu wanaisaini wakidhani ni karatasi ya kawaida ya mkopo.

Kabla hujatuma hata shilingi, mwambie shemeji akutumie cheti cha usajili na mkataba wa ubia, ukasome na wakili hapo mjini kile kipengele cha majukumu yako. Jina lako likiwa limeandikwa popote kwamba unasimamia manunuzi, lifutwe kwanza.