Usimtafutie Alisi dhamira

Mara ya kwanza nilipopangiwa kuwasomesha watoto hadithi ya Alisi katika nchi ya ajabu, niliandika neno DHAMIRA ubaoni, nikalipigia mstari. Nikauliza hadithi inatufunza nini. Baada ya kimya kirefu, binti mmoja akanyoosha mkono: "Tusifuate sungura mashimoni." Nikampa vema. Sikuwa na jibu lililo bora kuliko lake, na kipindi kilibaki na dakika ishirini.

Wewe unayekianza kitabu hiki sasa, iwe kwa kukisoma, kukisomesha au kukitafsiri, usirudie kosa hilo. Lewis Carroll, ambaye jina lake halisi ni Charles Dodgson, alikuwa mwalimu wa hisabati katika chuo cha Christ Church, Oxford. Tarehe 4 Julai 1862 alipiga makasia mtoni na mwenzake, wakiwa na mabinti watatu wa mkuu wa chuo. Hadithi aliisimulia humo humo mashuani, na Alice, mmoja wa wale mabinti, ndiye aliyemsihi aiandike. Kitabu kilichapwa mwaka 1865, zama ambazo vitabu vingi vya watoto Uingereza vilikuwa mahubiri tu ya adabu. Yeye akamweka ndani yake Dachesi, bibi mwenye cheo kikubwa, anayeona funzo katika kila kitu, huku amemwegemezea Alisi kidevu kilichochongoka begani. Siku nilipomtambua Dachesi yule kuwa ni mimi na chaki yangu, nilifuta ubao.

La pili ni gumu zaidi. Upuuzi wa kitabu hiki una sheria, tena kali. Wengi huusoma kwa sauti ya kuchekesha, wakibana pua na kukodoa macho, na watoto huchoka kabla ya sura ya tatu. Tazama ile karamu ya chai. Sungura wa Machi anamwambia Alisi aongeze chai. Alisi anajibu kwa kuudhika kwamba hajanywa hata tone, ataongezaje? Mshona Kofia anamsahihisha: asichoweza ni kupunguza; kuongeza juu ya sifuri ni rahisi mno. Isome tena polepole. Mshona Kofia hajakosea! Hiyo ni hesabu safi, imetiwa mahali ambapo watu wenye adabu hawapigi hesabu. Ndiyo maana nasema umsome kama karani anayerekebisha risiti, bila kutabasamu. Kicheko waachie wasikilizaji.

Karamu hiyo hiyo haina mwisho kwa sababu Mshona Kofia amegombana na Wakati, na Wakati amemgandishia saa kwenye kumi na mbili ya jioni, saa yao ya chai. Nafasi ya kuosha vikombe haipo, kwa hiyo wanasogea kiti baada ya kiti. Alisi anauliza: mkifika tena pale mlipoanzia, inakuwaje? Sungura wa Machi anaomba wabadilishe mazungumzo. Hapo usieleze chochote. Funga kitabu kidogo, uwaangalie nyuso.

Vivyo hivyo kwa kile kitendawili cha kunguru kufanana na meza ya kuandikia. Mtunzi alikitunga bila jibu. Miaka mingi baadaye alisumbuliwa mpaka akaandika moja, lakini mwenyewe alikiri kwamba ni la kubandika tu. Watoto wakikupa majibu kumi, yapokee yote.

Tukija kwenye lugha, Kiswahili kinacho kitabu hiki tangu 1940, kwa jina la Elisi katika Nchi ya Ajabu, na mwaka 2015 ikatoka tafsiri ya Ida Hadjivayanis, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Hata hivyo jaribu kutafsiri ukurasa mmoja mwenyewe, utajifunza zaidi kuliko kwa mihadhara. Panya anasema kisa chake ni kirefu; kwa Kiingereza neno la kisa na neno la mkia yana sauti moja, basi Alisi anautazama mkia. Nilihangaika na "mkasa" na "mkia" jioni nzima nikashindwa. Lakini Kasa wa Bandia anaposimulia kwamba shuleni kwao walisoma kwa muda wa saa kumi siku ya kwanza, saa tisa siku ya pili, na kuendelea hivyo, nilipata: "Ndiyo maana yakaitwa mapunguzo." Mafunzo, mapunguzo. Bado najivunia, samahani.

Mashairi yatakutesa. Alisi anajaribu kukariri shairi la Isaac Watts kuhusu nyuki mchapakazi, ambalo watoto wa enzi zile walilazimishwa kulijua kwa moyo, na kinywani linamtoka mamba anayewakaribisha visamaki kwa taya zenye tabasamu. Asiyemjua nyuki hacheki mamba. Waanzishie kwa kuharibu kitu wanachokijua: asiyesikia la mkuu hununua kiatu. Na usidhani mchezo huu ni mgeni kwetu. Aliyelelewa kwa paukwa pakawa, na kijino kama chikichi cha kujengea kikuta, hakuwahi kuuliza fundi ni nani.

Ukiulizwa mbona watoto humpenda Alisi, mimi huwaelekeza kwenye kimo chake. Anakunywa, anakuwa mfupi. Anakula, kichwa kinagonga dari. Mtoto naye anaishi hivyo. Asubuhi ni mkubwa mno wa kulia, usiku ni mdogo mno wa kukesha.

Michoro ya John Tenniel ni 42, na ni mizuri, ila ifiche mpaka wachore yao. Kitabuni yumo Paka anayetoweka polepole mpaka libaki tabasamu lake tu. Mmoja aliniletea karatasi nyeupe yenye meno tu katikati. Nikamuuliza mbona hajamaliza paka wake. Akasema amemaliza, paka ndiye kaondoka.