Muulize Fundi: Balbu za jukwaani haziishi kuungua

SWALI: Shikamoo fundi. Sisi ni kikundi cha ngoma na maigizo, Lindi mjini. Tuna taa nne za jukwaani za halojeni, wati 1000 kila moja, tulizonunua mtumba. Msimu wa korosho tunaalikwa sana Ruangwa na Nachingwea, na huko tunatumia jenereta. Balbu hazimalizi hata wiki mbili, na kuna taa moja inayoongoza kwa kuziunguza. Muuzaji mwingine anatuambia tunauziwa feki. Tufanyeje? – Katibu wa kikundi, Lindi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Balbu feki zipo, lakini zingekuwa feki zingeungua kwenye taa zote nne bila kuchagua. Uliposema taa moja inaongoza, umeshanionyesha pa kuanzia.

Ichomoe taa hiyo kwenye umeme, iache ipoe kabisa, toa balbu utazame miguu yake. Ukikuta mguu una weusi au umeliwa vishimo vishimo, basi holda, yaani pale balbu inapochomekwa, imelegea. Holda isipobana, cheche zinaruka na joto linapanda mpaka pale mguu unapoingilia kwenye kioo. Balbu nyingi za aina hii hazitakiwi kuzidi nyuzi joto 350 mahali hapo. Zikizidi, kioo kinapasuka pembeni ya mguu, hewa inaingia, na ndani utaona unga mweupe.

Hapa ndipo vikundi vinapoteza fedha nyingi: wanatia balbu mpya kwenye holda ileile. Holda iliyoungua itaiharibu miguu ya balbu mpya, na balbu hiyo ukiihamishia kwenye taa nyingine, inaharibu holda ya huko pia. Badilisheni holda na balbu kwa pamoja. Holda msiisugue kwa msasa, maana mnaondoa utando wa juu unaosaidia umeme upite vizuri. Waya unaoingia kwenye holda nao uwe wa kuhimili joto. Ule wa kufungia nyumba ganda lake litakauka na kumeguka, na mtu atapigwa shoti.

Zile taa tatu nyingine, naishuku jenereta. Balbu ya volti 230 ikipewa 242, ambalo ni ongezeko la kama asilimia 5 tu, maisha yake yanapungua kwa karibu nusu. Nimewaona huku Mtwara mafundi wa jenereta wakipandisha volti makusudi ili muziki usizimike. Muziki ukisimama, mzigo unapungua ghafla, na volti zinaweza kuruka juu huku taa zenu zikiwaka. Kwa hiyo pimeni kwa mita pale pale taa inapochomekwa, si kwenye jenereta, mara moja muziki ukipigwa na mara moja ukiwa umenyamaza. Mpimaji awe mtu aliyezoea kazi ya umeme.

Kioo cha balbu msikishike kwa vidole. Jasho lina chumvi, na kioo kikipata moto mkali chumvi hiyo inakidhoofisha. Utaona baka jeupe, mara nyingine kivimbe. Kikishaguswa, kifuteni kwa spiriti na kitambaa safi kabla ya kuwasha.

Halafu safari. Uzi wa ndani ukiwa na moto unakuwa laini, na mtikisiko mdogo unaukata. Najua onyesho likiisha usiku dereva anapiga honi, kila mtu anataka kurudi nyumbani, lakini taa zisiguswe mpaka zipoe. Kwa njia za vumbi, balbu zitolewe zisafiri kwenye maboksi yake. Mkiwa na dima, yaani kifaa cha kupunguza na kuongeza mwanga, pandisheni mwanga taratibu, kwa sababu uzi wa baridi unavuta umeme mwingi sana mara tu unapowashwa.

Mkishapima niandikie namba zote mbili, ya muziki ukipigwa na ya ukinyamaza. Nikiziona nitajua kama ni kirekebisha volti cha jenereta kinachosumbua, au mtu ameiweka juu tangu mwanzo.