Kazi Moja, Mishahara Miwili

SWALI: Ndugu Mhariri, nina miaka sita sasa nikiwa mhasibu katika kampuni binafsi hapa Morogoro. Mwezi uliopita, nilipoandaa orodha ya mishahara kwa niaba ya mwenzangu aliyekuwa likizoni, niliona kuwa kijana wa kiume niliyemfundisha kazi mwenyewe mwaka jana analipwa shilingi 1,100,000, ilhali mimi nalipwa 850,000. Shahada zetu ni sawa na majukumu yetu ni yale yale. Nilipomuuliza meneja, alijibu kwamba kijana yule ana mke na watoto wa kulisha, nami nina mume. Nyumbani nako mume wangu akaniambia kuwa wanawake hulipwa pungufu kwa sababu huchagua kazi nyepesi na kwenda likizo za uzazi, wala si ubaguzi. Je, wana haki ya kusema hivyo, na mimi nifanye nini?

JIBU: Dada yetu, pole kwa uchungu huo, hasa wa kuona kwamba uliyemshika mkono ndiye aliyekupita.

Tuanze na meneja, kwa kuwa kauli yake ndiyo nzito zaidi. Ibara ya 23 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila mtu, bila ubaguzi wa aina yoyote, haki ya kupata ujira unaolingana na kazi yake, na hakuna mahali inapotaja idadi ya watu wanaomsubiri mfanyakazi nyumbani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia na pia ya hali ya ndoa, na inamtaka mwajiri achukue hatua za kuhakikisha kuwa wanawake na wanaume wanapata malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Kwa hiyo meneja wako, alipokutajia mume, alitoa mwenyewe sababu ambayo sheria imeikataa. Angesema kwamba kijana ana cheti cha juu au uzoefu wa miaka mingi, tungekuwa na jambo la kupima, hakusema hivyo.

Mumeo amegusa mjadala mpana zaidi, na kwa sehemu anachosema kina ushahidi. Claudia Goldin, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2023, alichunguza takwimu za Marekani za takriban miaka 200 na kuonyesha kwamba zamani tofauti ya elimu na ya aina ya kazi ilieleza sehemu kubwa ya pengo la mapato, lakini siku hizi sehemu kubwa ya pengo hilo iko kati ya wanawake na wanaume wa taaluma ile ile, na hupanuka hasa anapozaliwa mtoto wa kwanza. Hapo ndipo tunapoachana na mumeo. Mtoto ni wa wazazi wawili, lakini sheria yetu humpa mama kwa kawaida likizo ya siku 84 na baba siku 3, kisha yule aliyebaki na mtoto ndiye anayehesabiwa kuwa hana moyo wa kazi. Kuliita hilo chaguo lake peke yake si haki. Na hata hoja hiyo ingekuwa sahihi yote, isingekuhusu wewe, kwa kuwa unafanya kazi ile ile anayofanya kijana huyo.

Sasa la kufanya. Usisambaze orodha uliyoiona, kwa maana uliipata kwa dhamana ya kazi na inaweza kugeuzwa kuwa kosa lako. Mwandikie afisa utumishi ukiomba ufafanuzi wa vigezo vya kupanga mishahara ya wahasibu, ueleze maneno uliyojibiwa na meneja na tarehe aliyoyasema, na ubaki na nakala iliyosainiwa kuwa imepokelewa. Kama kuna tawi la chama cha wafanyakazi, lihusishe mapema. Usipojibiwa, peleka mgogoro kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako ukishaonyesha dalili za msingi za ubaguzi, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kuwa haukuwapo.

Muda, hata hivyo, usiuchezee. Kwa mgogoro usiohusu kuachishwa kazi, kanuni za Tume zinatoa siku 60 tangu mgogoro ulipoanza. Nchini Marekani, Lilly Ledbetter, msimamizi katika kiwanda cha matairi cha Goodyear, aligundua akiwa karibu kustaafu kwamba wanaume wa cheo chake walimzidi mshahara, na mwaka 2007 Mahakama ya Juu ilimnyima haki kwa hoja kwamba alikuwa amechelewa kulalamika. Sheria ilirekebishwa mwaka 2009, lakini yeye hakulipwa. Wewe umejua mwezi uliopita. Barua hiyo iandike wiki hii.